Mgeni wa Dakika Hamsini

Katika kundi lao la simu, lile la watu wanaopiga picha za nyota, hakuna aliyewahi kumwona Shangazi uso kwa uso. Walizijua picha zake tu. Na picha zake ungezitambua hata zichanganywe na mia nyingine, kwa sababu kila nyota kubwa ndani yake ilikuwa na miiba miwili, mmoja umechomoza juu, mmoja umeshuka chini, myembamba, iliyonyooka. Wenzake walizipenda mno. Kila siku maswali: Shangazi, hiyo miiba unaitengenezaje? Umefunga kitu gani mbele ya darubini? Mmoja wao, nesi mstaafu mwenye gari lake, alikaa wiki nzima akifungafunga nyuzi za kushonea mbele ya darubini yake apate miiba kama ile, akaambulia ukungu mtupu. Shangazi alimjibu kwa kikatuni cha kucheka, akazima simu.

Angewaambia nini? Kwamba ni vyuma vya roshani?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Roshani ya nyuma ya nyumba yao, ghorofa ya tatu, ilizibwa kwa vyuma toka ukingoni hadi juu: nondo za wima, na ubapa mmoja wa chuma uliolala katikati kuzishika zote. Marehemu baba yake ndiye aliyeviweka kwa kuogopa wezi. Shangazi alimwita Fundi Cheche, mchomeaji vyuma wanayekaa naye ghorofa moja, akamwomba akate nondo moja darubini ipate pa kutolea mdomo, na ule ubapa nao auondoe. Nondo Fundi Cheche akaikata. Ubapa akaukataa katakata.

"Nikiugusa huu, Shangazi, vyuma vyote vinakwenda chini na wewe umevikumbatia," alisema. "Mimi sitaki kesi."

Basi ubapa ukabaki, ukikatiza mbele ya kioo. Mwanga wa nyota ukikipita chuma hutawanyika kidogo ukaacha alama, na alama hiyo ndiyo miiba watu waliyokuwa wakiisifu. Jamani! Mtu anapiga picha kupitia vyuma vya nyumba aliyofungiwa, na watu wanamwuliza urembo huo kaupata duka gani.

Nasema alifungiwa, wala sitii chumvi. Shangazi alikuwa na miaka arobaini na saba. Jina hilo walimpa watoto wa kaka zake, kisha jengo zima likalidaka, hata wanaume wenye mvi wakawa wanamwita Shangazi. Hakuolewa. Na katika koo nyingi, asiyeolewa ndiye anayeonekana hana kazi, kwa hiyo mama alipoanza kusahau, hakuna aliyeuliza atakaa na nani. Swali hilo halikuwahi hata kufika mezani.

Kazi yake ilikuwa chini ya jengo hilohilo, studio ya picha za pasipoti, ngazi hamsini na nne kutoka mlango wa nyumbani. Kutwa alisema maneno yaleyale. Kaa wima. Tazama hapa. Usicheke. Usipepese. Waliokaa kwenye kile kiti cha duara walikuwa wanakwenda: huyu masomoni, huyu kwa mume, huyu kwenye matibabu, huyu hajui anakwenda kufanya nini ila anakwenda. Shangazi alizikata zile picha nne kwa kisu cha meza, akazitia kwenye bahasha, akasema safari njema. Kisha alichungulia nyuma ya pazia kuona kama Mama yupo.

Mama alikuwepo. Miaka thelathini alikuwa karani wa posta, mkali, hesabu kichwani, barua haipotei mkononi mwake. Sasa alikaa nyuma ya pazia na boksi la picha zilizoharibika, waliopepesa na waliocheka, akazipanga mafungu mafungu kwenye meza ndogo. "Hawa wa leo," alisema. "Hawa wa kesho. Huyu hana anwani, arudi." Akimaliza, anachanganya zote na kuanza upya. Kwa mchana hakuwa na shida. Shida yake ilikuwa jua likizama, maana hapo ndipo alipokumbuka kwamba gari la barua linamsubiri.

Usiku mmoja, miaka saba nyuma, alitoka. Walimpata alfajiri kwenye kituo cha mafuta, na nguo ya kulalia na kiatu kimoja, anawagombeza wauza mafuta kwa nini gari la barua limechelewa. Hapo wanaume wa ukoo wakaitisha kikao. Kaka Mkubwa alizungumza kwa simu kutoka anakoishi, mbali, saa mbili nzima. Mdogo, kitinda mimba wao, alikuja mwenyewe, akala, akatikisa kichwa kwa huzuni, akala tena. Wakaamua mlango wa chuma ule wa nje uwekwe kufuli. Kaka Mkubwa akatuma kufuli, tena zuri, kubwa, la kubana: ukilisukuma tu limejifunga, halitaki ufunguo ila wakati wa kufungua. Mpaka leo ukimwuliza alimfanyia nini mama yake, atakutajia kufuli hilo.

Lilikuja na funguo mbili. Moja Mama aliitupa chooni na kuvuta maji, wiki hiyohiyo. Ya pili Shangazi aliifunga kwa kamba ya kiatu, akaivaa shingoni. Alijaribu kuichongesha nyingine, wachonga funguo wa mtaani wakaigeuzageuza na kumrudishia, aina hiyo hawana. Basi alilala nayo, akaoga nayo. Mlango ule ulikuwa na kitundu cha kupitisha mkono, ili kufuli lifikike toka nje na toka ndani, na mkono wake ulikijua vizuri. Kutoka, bana. Kuingia, bana. Miaka saba.

Darubini ilikuja kwa bahati tu. Mteja mmoja aliyekuwa anahama moja kwa moja aliona picha za mwezi Shangazi alizozibandika ukutani, alizozipiga kwa kamera ya studio, akamwambia ana kitu nyumbani hakiingii kwenye mizigo. Bomba fupi jeupe, mdomo upana wa kikombe cha chai, miguu mitatu, na mota ndogo inayoligeuza taratibu kufuata nyota. Shangazi alilipandisha ngazi hamsini na nne akiwa amelikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu kufuli lile lifike hakuona tabu kupanda.

Pale roshani alikuwa na kipande kimoja tu cha mbingu. Chini kilizibwa na paa la jengo la mbele. Juu kilizibwa na sakafu ya roshani ya jirani wa ghorofa ya nne. Katika kipande hicho, msimu wake ukifika, ilipita galaksi moja, inayoonekana kwa ubavu, mviringo wa mwanga na mkanda mweusi kiunoni. Kwa macho huioni, usijisumbue. Kamera ndiyo inayoiona, na kamera nayo yataka subira. Mwanga wenyewe uliondoka huko miaka milioni thelathini iliyopita, kabla hajakuwepo mtu wa kuusubiri, na ulipofika ukampata Shangazi amejikunyata nyuma ya nondo na kanga mabegani.

Ilichomoza juu ya lile paa kama saa mbili usiku. Baada ya dakika hamsini iliingia chini ya sakafu ya jirani wa juu. Hamsini, basi. Kila jioni ilitangulia dakika nne kuliko jana yake, hivyo baada ya wiki chache ilikuwa imeshapita kabla giza halijatulia, na msimu umekwisha. Ili asipoteze hata dakika, Shangazi aliweka alama tatu sakafuni kwa rangi nyekundu ya kucha, pale miguu ya darubini inapokaa. Aliichomeka hapo, akapiga picha za dakika mbilimbili, ishirini na kitu kwa jioni njema, kisha siku nyingine akazilaza zote moja juu ya nyingine katika kompyuta ya studio, mwanga ukaongeza mwanga. Ule mkanda mweusi na vumbi lake, ili utoke vizuri, alihitaji kukusanya mwanga wa saa kumi na mbili. Mawingu yakija, hakuna. Mama akiita, hakuna. Misimu mitatu ilikuwa imempa saa tano na robo. Wenzake wa kundini walizipata saa hizo kwa usiku mmoja, wamelala kwenye viti, wanakunywa chai.

Mama alikaa naye pale kwenye kigoda. Jioni ya kwanza aliuliza, "Unamsubiri nani?"

"Mgeni, Mama."

Ikawa hivyo. Mama alipenda wageni. Jioni hizo hakulikumbuka gari la barua, alikaa ametulia, mikono mapajani, akiuliza kila baada ya muda, "Amefika?" Na galaksi ikishaingia chini ya sakafu ya jirani, Shangazi alichukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akakiziba kile kinywa cha bomba. Mama akisikia kile kifuniko kikigusa, aliuliza, "Mgeni wako amepita?"

"Amepita, Mama. Twende tukalale."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Watu wa siku hizi," alisema Mama.

Kila mwaka kundi lilikwenda kambi, kwenye uwanda wa juu usio na taa, mwendo wa saa tano kwa gari, usiku nne bila mwezi. Mwaka wa kwanza Shangazi aliomba ruhusa kwa kaka zake, akajisikia mtoto wa shule. Kaka Mkubwa alikubali kuja, kisha mama mkwe wake akaugua. Mwaka wa pili ikawa zamu ya Mdogo. Huyu alikuwa akiuza pampu za maji, mji hadi mji, ulimi wake umepakwa asali. Akapiga simu saa nane mchana: gari limeharibika njiani, Dada, nimekwama, najuta. Jioni hiyohiyo picha yake ikaonekana kwenye simu ya mtu, yuko harusini, anacheza, jasho linamtoka. Shangazi aliitazama ile picha muda mrefu. Hakulia. Alikwenda kuwasha jiko.

Mwaka wa tatu hakuomba. Aliwaambia, wote wawili kwa simu moja.

"Nazitaka usiku nne. Nikizikosa safari hii, darubini naiuza, na studio naifunga. Nitakaa humu ndani na Mama na kufuli lenu mpaka tufe. Na msinipigie tena kuniuliza Shangazi hujambo. Atakayekuwemo hatakuwa mimi."

Alisema kwa sauti ya chini, ile aliyotumia kuwaambia wateja wasipepese. Kaka Mkubwa akakohoa. Mdogo, sijui nini kilimgusa, akasema, "Nakuja, Dada. Wallahi nakuja."

Na akaja! Saa sita mchana, na begi, na kitambi mbele yake. Mama alimtazama toka juu hadi chini.

"Huyu nani?"

"Mwanao, Mama. Kitinda mimba wako."

"Mwanangu yupi ana tumbo la namna hii?"

Mdogo akacheka, akambusu mikono. Shangazi alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye kila kitu: dawa ya saa nne, uji usiwe wa moto, nywele asichane yeye mwenyewe, taa ya ukumbini isizimwe, na jioni akae roshani kwenye kigoda. Mdogo hakuisoma. "Dada," alisema, "mimi nawauzia pampu wakulima wabishi ambao hata maji hawana. Nitashindwa na mama yangu mzazi? Nenda. Utachelewa."

Chini Nesi, yule wa nyuzi za kushonea, alipiga honi. Shangazi akajitwika begi, akalikumbatia lile bomba lililofungwa blanketi, akatoka kwa kusukuma mlango na bega. Alimsikia Mama akiuliza anakwenda wapi, na Mdogo akijibu kwa sauti ya kuchangamka kama anatangaza mnada. Akakaza mwendo asije akageuka. Ngazi hamsini na nne. Chini kabisa miguu yake ilikata kushoto, kwenda studio, na ilibidi asimame aiambie kwa maneno kwamba leo ni kulia.

Kwa saa zote tano garini alizungumza kidogo sana. Nesi alikuwa mwanamke mkunjufu, mnene wa sauti, kutwa anasimulia, na hakujali kujibiwa. Shangazi aliitazama barabara. Mara tatu alishtuka akidhani ameitwa. Alikuwa huru, alijiambia, yuko huru, na moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyeiba.

Walifika jua likiwa limeinama. Uwanda ulikuwa mtupu, nyasi fupi, na watu kama kumi wakifunga darubini zao. Nesi akapaza sauti, "Jamani, nimewaletea Shangazi wa miiba!" Wakamjia, wakamshika mikono, kumbe ndiye wewe, kumbe ndiye. Naye alicheka, akawaitikia, ila macho yake yalikuwa yanazunguka yakitafuta mwisho wa ile mbingu. Hakuwa na mwisho. Hapakuwa na paa wala sakafu ya jirani. Alishika miguu mitatu ya darubini akazunguka nayo huku na huku, hajui aiweke wapi, kwa sababu hapakuwa na alama nyekundu.

Akaiweka mahali basi. Akainama kukaza skrubu. Kitu kikagonga bomba: kling.

Ufunguo.

Ulikuwa unaning'inia kwenye kamba yake ya kiatu, kama siku zote. Shangazi aliutazama. Mkono wake wa kulia ulikumbuka kabla yake: amesukuma mlango kwa bega, ameushika kwa mguu, na kile kidole gumba kimelibana kufuli. Ka! Ile sauti ya kufuli. Hakuisikia kwa sababu alikuwa anaisikia kila siku.

Simu ilikuwa kwenye begi. Amepigiwa mara kumi na moja.

"Dada!" Mdogo hakungoja hata salamu. "Umetufungia! Kufuli liko nje na ufunguo haupo! Nimetafuta kila mahali, mpaka ndani ya unga!"

"Ninao mimi."

"Unao wewe wapi?"

"Shingoni."

Kisha Shangazi akauliza, polepole, "Umejuaje kama pamefungwa? Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa... natoka kidogo. Kuna mtu nilitaka kumwona hapo chini. Dakika tano."

"Na Mama?"

"Alikuwa amelala, Dada! Dakika tano!"

Dakika tano! Nani asiyezijua dakika tano za wanaume wa ukoo ule? Baba yao naye alitoka dakika tano siku aliyozaliwa Mdogo huyohuyo, akarudi kesho yake. Shangazi alifumba macho. Kama si ule mkono wake uliozoea, muda huo Mama angekuwa barabarani na kiatu kimoja.

"Rudi, Dada," alisema Mdogo. "Hii si nyumba, ni sanduku. Mlango mmoja, madirisha yote vyuma! Moto ukitokea je? Umewahi kulifikiria hilo?"

"Kila usiku," alisema Shangazi.

Ulimi ule wa asali ukakauka.

"Fundi Cheche yuko mlango wa pili," Shangazi alisema. "Mwite toka kwenye kitundu. Ana msumeno, atalikata. Lakini likishakatwa, Mdogo, usiku wa leo na wa kesho na keshokutwa na mtondo hulali. Unakaa mlangoni, mbele yake. Hakuna dakika tano."

Nesi alikuwa amesimama hapo karibu, amesikia yote. Ule ucheshi ulimtoka. "Mwenzangu," alisema, "tukiondoka sasa hivi, saa tano usiku umefika. Sema tu, nawasha gari."

Hapo ndipo pagumu. Alijua kabisa kwamba akipanda gari lile, hatatoka tena. Hakutakuwa na mwaka wa nne. Watasema, uliona mwenyewe ilivyokuwa mara ile. Na alijua pia mama yake yuko nyuma ya kufuli, na aliyelifunga ni yeye, na aliye na ufunguo ni yeye, yuko mbali na nyumbani anachezea nyota. Alimwonea Mama huruma. Alimwonea Mdogo hasira. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine, aliona haya hata kukitazama: alifurahi. Kidogo tu. Alifurahi kwamba kuna mtu mwingine anazishika zile nondo.

"Siendi," alisema.

"Umesahau tu, si dhambi," Nesi alimtuliza. "Mtu hufunga bila kujua."

"Sijui kama nilisahau," alisema Shangazi. "Mkono ndio uliofunga. Sikuuuliza."

Saa mbili kasoro, simu ikaita tena. Fundi Cheche amekuja, msumeno umewashwa. Kwa nyuma ulisikika ukilia juu ya chuma, kisha sauti ya Mama, kisha ikakatika. Shangazi alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Galaksi ilikuwa imeshapanda. Alifanya alilozoea kufanya akiwa amebanwa: akaielekeza darubini, akakaza, akaanza kuhesabu picha. Ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera, ilikuwa na mviringo wake na mkanda wake kiunoni, na nyota zote kando yake zilikuwa vitone vitupu, safi. Hazina miiba. Hakuwahi kuziona hivyo. Ya pili, ya tatu, ya kumi. Ya ishirini na nne ilipokamilika, akatoa kifuniko cha kopo kwenye mfuko wa sweta, akaiziba darubini.

"Umeziba ya nini?" aliuliza Nesi kutoka kwenye kiti chake.

"Imepita."

"Imepita imekwenda wapi?"

Shangazi alinyanyua mkono kuonyesha sakafu ya jirani. Mkono ukabaki hewani. Kule alikokuwa anaonyesha palikuwa na nyota, na juu yake nyota, na juu yake nyota.

"Iko hapohapo, mwenzangu," Nesi alisema, akaacha kutania alipomwona uso. "Itakuwa juu mpaka alfajiri. Fungua."

Alijua. Vitabuni ameisoma, hesabu yake anaijua, saa kumi na mbili toka kuchomoza hadi kuzama. Saa kumi na mbili zilezile alizozililia misimu mitatu. Alikuwa akiigawa dakika hamsini hamsini, akiamini hivyo ndivyo ilivyo. Aliweka kidole kwenye kifuniko na kidole hakikutaka kukitoa. Basi hapo ndipo alipolia, mbele za watu, kwa sauti, mwanamke mzima, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Simu ikaita katikati ya kilio.

"Dada." Sauti ya Mdogo ilikuwa imeshuka, kana kwamba kuna mtoto amelala. "Nimemwambia Fundi aache."

"Aache nini?"

"Kufuli. Alipoanza kukata Mama akaja mbio. Kiatu kimoja. Anataka kwenda kwenye gari la barua. Nimemshika, Dada, ana nguvu, sikujua ana nguvu namna ile, ameniuma mkono. Nikaona lile kufuli likiachia tu, yeye ana mlango na mimi sina pumzi. Nikamwambia Fundi, acha, acha kabisa." Alihema. "Ametupitishia mkate kwenye kitundu. Anasema atalala na msumeno kitandani, likitokea la kutokea nigonge ukuta."

Shangazi alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Na wewe?"

"Mimi nipo. Nitakwenda wapi?" Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Nimesoma karatasi yako. Kigoda nimekiona. Hizi alama nyekundu hapa chini ndizo?"

"Ndizo. Usizikanyage."

"Hapa hata pa kunyoosha mguu hapana, Dada."

"Najua."

"Miaka saba."

Shangazi aliikaza simu sikioni.

"Tumekaa roshani muda mrefu," Mdogo aliendelea. "Hataki kuingia ndani. Ametulia, lakini anauliza, anauliza, mpaka nimechoka, mimi sijui nimjibu nini. Anasema mgeni wako amepita?"

Juu ya uwanda hapakuwa na kitu kati yake na ule mwanga, wala nondo, wala ubapa wa chuma. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kifuniko. Akakibandua kile kifuniko.

"Mwambie hajapita," alisema. "Mwambie leo hapiti. Leo yupo."

Alimsikia Mdogo akigeuka na kulisema hilo, taratibu, neno kwa neno. Kisha ikaja sauti ya Mama, kavu, ya karani wa posta aliyechoka na wafanyakazi wazembe.

"Kama yupo, mbona hamumfungulii?"

Shangazi alisimama palepale, simu sikioni, na ule ufunguo ameukamata kwa mkono mwingine.